Walikuja kwa Ajili ya Karamu

Katika kijitabu cha mazishi ya Mama Wambui, kilichochapishwa kwa karatasi ya kung'aa na picha yake mbele akiwa na kitambaa cheupe cha kanisani, mwaka ule umepewa mstari mmoja tu. "Wakati wa emajensi marehemu alifanya kazi ya kuwapikia watu wa sinema." Baada ya hapo wasifu unaruka hadi wajukuu. Nilikuwa nimeketi chini ya hema pale Mugutha, na nilipofika kwenye mstari huo niliusoma mara tatu, kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kilichoachwa nje. Hakuna aliyekosea. Alipika kweli, na walikuwa watu wa sinema kweli. Lakini sisi wa huku tuliojua kilichotokea jikoni mwake mwaka ule tulikuwa watano, na jeneza liliposhuka nikajikuta nahesabu, nikaona nimebaki peke yangu. Niliporudi nyumbani kwangu Kahawa Sukari sikubadilisha hata viatu. Nilikaa mezani nikaanza kuandika, nikafuta, nikaanza tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nimerudi kutoka chuo cha Kampala na digrii. Digrii ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha Shikuku. Shikuku alikuwa mtu wa kwetu, kutoka magharibi, aliyekuja kufanya kazi katika shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika baada ya wafanyakazi wengi Wakikuyu kuchukuliwa na serikali wakati wa emajensi, ile Hali ya Hatari. Alikuwa na chumba kimoja katika laini za wafanyakazi: sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, gunia lililoning'inizwa kuwa ukuta, jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi kila lilipokasirika. Mimi nililala upande wa pili wa gunia. Jioni tulikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, na Shikuku alikuwa akiniuliza, "Digrii, leo umewaza nini?" Jina hilo alinipa siku ya kwanza na laini nzima ikalichukua. Nilikuwa nikimweleza kweli. Nilikuwa nimeandika barua za kuomba kazi kila mahali, na niliogopa kwamba Kiingereza changu kilikuwa kizuri mno kwa Mwafrika, kisha nikaogopa kwamba hakikuwa kizuri vya kutosha, na nilipomaliza kueleza, omena wa upande wangu wa sahani walikuwa wamekwisha. Sikuwahi kujua kama aliniuliza kwa huruma au kwa njaa.

Kazi niliyoipata haikutoka kwenye barua hata moja. Kulikuwa na mwandishi wa gazeti la Uingereza aliyeitwa Bwana Coyle, ambaye katika miaka ya kwanza ya emajensi alizunguka Thika na Ruiru akiandika habari za vita. Ripoti zake zilikusanywa zikawa kitabu, na sasa kampuni ya sinema ilikuwa imekuja kugeuza kitabu hicho kiwe picha. Walikodi sehemu ya shamba letu, na ofisi yao ikawa chumba nyuma ya duka la nguo la Mhindi mjini Thika, chumba kilichonukia kaki mpya na mafuta ya cherehani. Humo aliketi Mzee Athumani, mtu wa pwani, mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono na koti lililopigwa pasi. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa Bwana Coyle wakati wa ripoti, na sasa alikuwa ameajiriwa kuhakikisha kwamba Kiswahili kitakachosemwa kwenye sinema ni Kiswahili. Alihitaji kijana wa kutafsiri maneno ya waigizaji kutoka Kiingereza. Nilimwamkia shikamoo, neno ambalo kwetu hatulitumii, na nikalitamka kama mtu anayevaa tai kwa mara ya kwanza. Alitabasamu, akanipa ukurasa mmoja nitafsiri, akasahihisha ngeli mbili kwa wino mwekundu, kisha akanimiminia chai ya tangawizi. "Kiswahili chako kimetembea kwa miguu kutoka mbali," aliniambia. "Lakini kimefika." Nilirudi Ruiru nikiwa na kazi, na usiku kucha nikajiuliza kama hiyo ilikuwa sifa.

Majuma yale ya Januari na Februari nilikuwa na udadisi ambao sikuwahi kuwa nao kabla, wala sijawahi kuwa nao tena. Nilitaka kujua jinsi jambo lililotokea linavyokuwa habari, na habari inavyokuwa kitabu, na kitabu kinavyokuwa watu wanaotembea ukutani. Nilikuwa na kitabu cha Bwana Coyle mkono huu na mswada wa sinema mkono ule, na nilikuwa nikipima. Mahali ambapo yeye aliandika kwamba mvua ilinyesha, mswada ulitaka mpira wa maji na watu wanne wa kuushika. Mahali ambapo aliandika jina la mto, mswada uliandika "mto" tu, kwa sababu mto wenyewe ulikuwa na daraja jipya. Sentensi zake tatu zingeweza kuwa kazi ya siku nne, na kurasa kumi za mawazo yake zikatoweka kabisa, kwa kuwa, kama alivyonieleza mwongozaji, Bwana Hallam, kamera haiwezi kupiga picha ya mtu anayewaza. Nilihuzunika kidogo kusikia hivyo. Niliona watu waliouawa asubuhi wakinywa chai saa nne. Niliona usiku ukitengenezwa saa sita mchana, kwa kioo cheusi kilichowekwa mbele ya kamera, jua kali likageuka mwezi. Wakikuyu hawakuruhusiwa kuigiza wala kutembea ovyo bila pasi, kwa hiyo wapiganaji wa msituni waliigizwa na watu wetu wa magharibi, wakivaa nywele za katani kutoka mashamba ya Thika, zilizopakwa masizi na rangi ya viatu. Ziliwasha. Kwenye picha zile, ukiona mpiganaji amekunja uso kwa hasira, jua kwamba anataka kujikuna.

Sura iliyopendwa zaidi katika kitabu ilikuwa ya shamba letu hili hili. Bwana Coyle aliandika kwamba watu wa msituni waliingia katika nyumba ya karani wa shamba, na walipotoka askari wakawakuta kwenye mibuni na wawili wakafa. Kesho yake yeye alifika na mkalimani wake, akamwuliza mke wa karani watu wale walifuata nini. Mwanamke alisimama mlangoni, bila kulia, akasema: walikuja kwa ajili ya karamu. Sura yote ilisimama juu ya maneno hayo. Bwana Coyle alikuwa ameandika kurasa nzima akijiuliza ni watu gani hawa wanaoweza kuketi kula na kunywa huku kifo kinawasubiri nje. Mswada ulichukua maneno yale na kuyafungua kama kitanda cha kukunja: ngoma, moto mkubwa, mbuzi wanaochomwa, pembe ya pombe ikizunguka, na mwenye nyumba, karani, akiwagawia wageni wake nyama kwa mikono miwili.

Mimi nilipewa maneno ya mwanamke niyarudishe katika Kiswahili. Yalinichukua siku nzima. Je, ni karamu, au sherehe, au tafrija? Kwa ajili ya, au kwa sababu ya? Mwisho niliandika, "Walikuja kwa ajili ya karamu," nikampelekea Mzee Athumani. Aliyasoma, akayasoma tena, akasema ndivyo hasa yule mwanamke alivyosema siku ile, karibu neno kwa neno. Nilifurahi sana. Niliona kwamba sentensi ilikuwa imetoka Ruiru, imekwenda London, imepita kwenye kitabu na kwenye mswada, na kwa mkono wangu imerudi nyumbani bila kupotea.

Karamu ilipigwa picha kwa siku mbili, mchana, chini ya usiku wa kioo. Shikuku alichaguliwa kuwa karani kwa sababu alikuwa na kifua kipana na meno mazuri. Mara ya kwanza aligawa nyama kwa furaha ya kweli. Mara ya nne alikuwa anatafuna polepole. Bwana Hallam aliwaambia warudie, wakarudia, na mara ya nane hakuna aliyetaka kuona mbuzi tena. Walikuwa wakiweka nyama mdomoni na kuitema nyuma ya moto. Hata hivyo kufikia saa ya chakula kamili walikuwa wamesimama foleni tena, kwa kuwa ugali ni jambo jingine.

Jiko lilikuwa chini ya bati, kando ya meza za kuanikia kahawa, na mpishi alikuwa Mama Wambui. Alikuwa na miaka thelathini labda, mwembamba, mwenye sauti iliyosikika hadi kiwandani. Kila asubuhi alitoka na wenzake katika kijiji chao cha emajensi, kile kilichozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa, na kila alasiri walirudi kabla ya lango kufungwa. Shikuku alikuwa ameniambia kwamba mume wake alikuwa karani wa shamba kabla ya kuwekwa kizuizini. Nililisikia hilo kama unavyosikia habari ya mtu usiyemjua. Nilikuwa nikisoma kitabu kilichomhusu huku nakula chakula chake, na sikuunganisha.

"Chakura iko tayari," aliita siku ile. Wakikuyu wa huku hawana sauti ya l katika lugha yao, na wengi, mara hapa mara pale, huibadilisha kuwa r bila kujua.

"Mama, leo tunakula ama tunapiga kura?" Shikuku aliuliza.

"Piga unayotaka. Sahani ni moja."

Watu walicheka. Shikuku alikula akiwa na nywele za katani alizoazima kwa mpiganaji mmoja, kisha akazivua, akajifuta masizi usoni, akarudi kwenye foleni kama mtu mwingine. Mama Wambui alimtazama, akatazama miguu yake, kwa sababu viatu havikuwa vimebadilika. Akanigeukia mimi niliyeketi kwenye ndoo na mswada wangu.

"Digrii, nipe karamu niandike majina. Huyu anakura mara mbili."

"Karamu si ndiyo hii, Mama?" Shikuku alisema. "Mbuzi wanne na Mzungu wa kukupiga picha. Unataka karamu gani tena?"

Walicheka tena, na yeye alicheka pia, lakini mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea mfuko wa shati langu. "Hiyo," alisema. "Ya mfuko."

Niliitoa kalamu. Nilikuwa nimeshainua mkono kumpa wakati ulipoganda hewani, na ikabidi aichukue mwenyewe kutoka vidoleni. Aliandika jina la Shikuku kwenye kipande cha mfuko wa unga, kwa herufi kubwa, nzuri, za mtu aliyefundishwa na karani. Mimi nilikuwa nautazama mswada magotini mwangu, mahali nilipoandika kwa mkono wangu, walikuja kwa ajili ya karamu.

Mtu mwingine angesimama na kuuliza papo hapo. Mimi niliwaza siku mbili. Nilijiambia kwamba huenda si yeye. Nilijiambia kwamba mwanamke wa kitabu huenda alimaanisha karamu ya kula, kwa nini isiwezekane? Kisha nikawaza hatari ya upande mwingine: ikiwa alimaanisha kalamu, basi kalamu ya nini? Karani anayewaandikia watu wa msituni barua ana kesi mbaya kuliko karani anayewalisha nyama. Ningeweza kumtoa mtu kwenye moto na kumtia kwenye moto mkubwa zaidi, kwa ajili ya herufi moja. Niliandika sababu za kuuliza na sababu za kunyamaza nyuma ya mswada, safu mbili, na safu zote mbili zikafika chini ya ukurasa. Siku ya tatu, wengine walipokwenda mtoni kupiga picha, nilibaki jikoni. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Nilimwuliza asubuhi ile ilikuwaje.

Alinieleza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe. Ilikuwa alfajiri, kengele ya kazi haijapigwa, na uji ulikuwa motoni. Waliingia vijana wanne, mmoja ana kikohozi. Walimwambia baba Wambui kwamba kalamu yake inaandikia serikali majina ya watu. Yeye akawaambia anaandika nani amekuja kazini na nani hakuja, basi. Hawakuamini. Walichukua kalamu, wakaivunja, wakamwambia wakisikia ameandika tena watarudi. Wakati wanasema hayo uji ulianza kumwagika, na yule wa kikohozi akaiepua sufuria, akaiweka chini taratibu, ili usiungue. Hilo ndilo lililomshangaza hadi leo. Kisha wakatoka, na risasi zikasikika. Tangu siku ile mumewe hakuandika majina asubuhi; alimwambia msimamizi mkono unauma. Serikali ikauliza kwa nini karani ameacha kuandika, na juma lililofuata afisa mmoja Mzungu akaja na kipande cha gazeti.

"Akaniuriza, wewe ulisema karamu? Nikasema ndiyo. Akaniuriza tena. Nikasema ndiyo. Hata angeniuriza mara kumi ningesema ndiyo, kwa sababu ni ukweri."

Afisa yule alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni. Homgadi Mkikuyu, mlinzi wa upande wa serikali, aliyesimama naye mlangoni alisikia kalamu, afisa akasikia sherehe, na wote wawili wakaridhika. Mumewe, Kamau, alichukuliwa siku hiyo hiyo kama mtu aliyewafanyia sherehe watu wa msituni nyumbani kwake. Ilikuwa sasa mwaka wa pili. Mama Wambui alidhani kosa lake lilikuwa kuacha kuandika.

Nilijua kwamba nikimwambia, atajua pia kwamba ni mdomo wake uliomshuhudia mumewe vibaya, mara mbili. Nilijua kwamba nisipomwambia, nitakuwa na siri ya mtu mwingine na sina haki nayo. Nilianza kueleza kutoka mbali, kutoka kwa lugha za Kibantu na sauti zake, na akanikatiza.

"Kwenu karamu ni nini?"

"Kwa Kiswahili cha pwani ni sherehe. Watu wanaalikwa, wanakula, wanakunywa."

Vidole vyake vilisimama ndani ya maharagwe. Kuku wa nyapara alipita, akadonoa mawe aliyoyatupa, akaondoka.

"Basi mimi ndiye nilimfunga," alisema.

Nilimwambia hapana. Nilimpa sababu nyingi, nikazipanga, nikazirudia, nikataja mkalimani, mwandishi, afisa, mhariri wa London. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Sasa niambie ni nani anaweza kuandika hiyo maneno na ikasomwa."

Hakuweza kwenda Thika bila pasi, kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilimpata Mzee Athumani akisahihisha ngeli. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ambayo isingemwumiza, na nikaisahau yote mlangoni. Nilimwambia tu kwamba Kikuyu hakina l na kwamba wao kalamu huiita karamu. Aliweka kalamu yake nyekundu mezani. Alikaa hivyo hadi chai ikapoa, na mimi sikuthubutu kunywa yangu. Alikuwa amenipa kazi, na nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba Kiswahili chake, kile ambacho hakikutembea kwa miguu kutoka popote, ndicho kilichopotea njia. Mwisho alisimama, akavaa koti, akasema twende.

Hakuwahi kufika shambani tangu sinema ianze. Alipita kwenye vumbi jekundu na viatu vyake vinavyong'aa, akaingia chini ya bati, na Mama Wambui akamtambua kabla hajasema neno. Alifuta ndoo kwa kanga, akamkaribisha aketi. Hakuketi.

"Siku ile ulisema nini, mama?"

"Nilisema walikuja kwa sababu ya karamu."

Mzee alifumba macho, kama mtu anayesikiliza sauti ya ndani ya ukuta. "Ya kula, au ya kuandikia?"

"Ya kuandika. Ya karani."

Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Siku ile sikukuuliza hivyo," alisema. "Nilisikia kwamba neno halikukaa vizuri. Lakini niliona haya. Mimi mtu wa pwani, nimuulize mtu wa bara maana ya neno la Kiswahili?"

Mama Wambui alimtazama, si kwa hasira wala kwa msamaha, kisha akachukua kikombe, akamchotea chai kutoka kwenye sufuria kubwa ya waigizaji, chai ya maziwa mengi isiyo na tangawizi. Mzee aliinywa yote akiwa amesimama.

Bwana Coyle alifika juma lile kutazama kitabu chake kikigeuzwa. Nilimwogopa kabla sijamwona, na nikakuta ni mtu mfupi mwenye mafua. Mzee Athumani alimweleza mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha polepole, na hakuniruhusu nisaidie. Bwana Coyle alikwenda kwenye gari, akarudi na madaftari yake ya zamani yaliyofungwa kwa uzi, akapekua. Aliipata siku ile. Kwa penseli alikuwa ameandika neno lenyewe kama alivyolisikia, karamu, na pembeni, baada ya mkalimani kusema, akaandika maana yake. Lile neno la kweli lilikuwa limelala mfukoni mwake miaka miwili. Alilitazama, akaniuliza nilitamke kwa njia zote mbili, akarudia nyuma yangu, na nikaona udadisi wangu mwenyewe usoni mwake, ila wake ulikuwa umechelewa na ulimwuma. Usiku wa siku hiyo hakula na wenzake. Asubuhi niliandika barua kwa Kiingereza, Mzee akatia sahihi kwamba alitafsiri vibaya, Bwana Coyle akatia yake chini na kuambatisha ukurasa wa daftari, na ikapelekwa kwa maafisa.

Bwana Hallam alisikiliza habari yote akitazama jua. Alisema anasikitika kwa ajili ya mtu yule. Kisha akasema karamu imeshapigwa picha, na ni nzuri, na katika kitabu imeandikwa karamu. Bwana Coyle alibishana naye hadi sauti ikakauka. Bwana Hallam alimwuliza ni nani atakayelipa kiingilio kuona watu wanne wakija kuchukua penseli. Mimi nilitaka kumwambia kwamba mimi ningelipa. Nilitaka kumwambia habari ya uji. Niliwaza namna nzuri ya kuanza, na nilipoipata alikuwa ameshaondoka.

Lakini maneno ya mwanamke mlangoni yalikuwa bado hayajapigwa picha. Aliyechaguliwa kuyasema alikuwa muuguzi mmoja kutoka Maragoli, mwenye uso mpole. Jioni ile, bila kumwuliza mtu, na bila safu mbili za sababu, nilichukua mswada nikabadilisha herufi moja, nikaongeza maneno mawili baada ya neno la mwisho. Nilimpelekea Mzee Athumani kama sheria ilivyotaka. Alisoma: "Walikuja kwa ajili ya kalamu ya kuandikia." Aliinua kalamu nyekundu, akaishikilia juu ya ukurasa, akaishusha.

"Kiswahili chake ni sahihi," alisema, akatia alama.

Muuguzi aliyasema wazi, mlangoni, bila kulia, na Bwana Hallam akafurahi sana na uso wake. Sinema hiyo haikuonyeshwa kwetu wakati ule. Miaka mingi baadaye niliiona, na yamo. Chini ya picha, kwa Kiingereza, maandishi yanasema karamu, na wageni wote wanayasoma hayo. Lakini mtu yeyote wa huku akifumba macho na kusikiliza tu, ataambiwa ukweli.

Watu wa sinema waliondoka na mvua za Machi. Mimi nilipata kazi ya kufundisha Thika, na kila Jumamosi nilipita jikoni, ambako sasa Mama Wambui alikuwa akiwapikia vibarua wa kahawa, na kila Jumamosi hakukuwa na jibu. Nilichunguza barua yetu kichwani, neno kwa neno. Niliona kwamba "with respect", yaani kwa heshima, ilikuwa imerudiwa mara mbili. Niliwaza kwamba huenda tumeitupa kesi yake kwa sababu ya adabu nyingi. Mwezi wa Novemba, kahawa ikiwa imeiva nyekundu, Kamau alirudi. Kama ilikuwa kwa barua, au kwa sababu walikuwa wanawaachilia wengi wakati huo, hakuna aliyeniambia, na nimelifikiria hilo miaka yote bila kufika popote.

Nilikwenda kumwona na Shikuku, katika nyumba yao ya kijijini, chumba cha udongo chenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Tulipewa kiti, sisi wawili, tukaketi nusu nusu. Kamau alikuwa mtu mdogo kuliko nilivyotarajia, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mkewe alikuwa ameshamweleza yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Yeye hakuwa mtu wa kungoja.

"Nasikia niko ndani ya sinema," Kamau alisema. "Nani alikuwa mimi?"

Shikuku aliinua mkono kama mtoto darasani. "Ni mimi, mzee."

Kamau alimpima kutoka juu hadi chini, kifua kile, meno yale. "Na nilikuwa nafanya nini?"

Shikuku alinitazama mimi. "Ulikuwa unagawia watu mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa Mzungu."

"Nilikula?"

"Mara nane."

Kamau alianza kucheka, akacheka hadi akavua miwani, na mkewe aliyekuwa mlangoni akageuka kutazama nje, mabega yake yakitikisika, na sikujua kama na yeye alikuwa akicheka. Nilikuwa nimekuja na daftari jipya na kalamu, kwa sababu nilikuwa nimewaza kwamba atataka kuandika habari yake kwa mkono wake. Nilivitoa, nikaviweka kitandani kando yake. Aliichukua kalamu, akaizungusha vidoleni kama chombo alichowahi kukijua, akanirudishia.

"Andika wewe," alisema. "Lakini usiniwekee mbuzi."

Nilimwahidi. Kisha nikaanza kuwaza ni wapi pa kuanzia, na nikawaza hadi yeye akafa, na Mzee Athumani, na Shikuku, na sasa Mama Wambui amezikwa Mugutha na mstari mmoja. Basi ni hivi. Ilikuwa alfajiri, kengele ya kazi haijapigwa. Vijana wanne waliingia katika nyumba ya karani, wakamnyang'anya kalamu, wakaivunja. Hapakuwa na ngoma, wala moto mkubwa, wala mbuzi. Palikuwa na sufuria ya uji uliokuwa unamwagika, na mmoja wao, aliyekuwa na kikohozi, akaiepua.